Kuhusu Barasa, na lile swali lako

Nafula wangu,

Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya benki, nikatoka bila kuhudumiwa. Unasema Barasa hapati usingizi tangu kazi imponyoke, na juzi alisema eti bila yeye mngepumua. Kisha ukaniuliza kuhusu kujiua: "Hii kitu iko kwa damu yetu?"

Sitakuficha. Kwa sehemu, ndiyo. Mwaka 1979 watafiti huko Denmark walichapisha uchunguzi kuhusu watu waliojitoa uhai baada ya kulelewa na wazazi wasiowazaa. Waligundua kuwa vifo vya namna hiyo vilikuwa vingi zaidi kwa ndugu zao wa damu kuliko kwa familia zilizowalea. Lakini kinachorithiwa si kifo, Nafula. Ni wepesi wa kuzama katika sonona, au wa kutenda ghafla uchungu unapozidi, na hayo yana matibabu. Wengi mno waliofiwa na mzazi au ndugu kwa njia hiyo wanaishi hadi kuona wajukuu.

Ila ukimya wenu nao umewaumiza, naamini hivyo. Baba mdogo alipojiua alizikwa jioni ileile, bila matanga, na hakuna mtoto aliyepewa jina lake. Nakumbuka nilipokusindikiza kliniki: penye swali la magonjwa ya ukoo uliandika "sukari, presha", ukaishika kalamu juu ya karatasi kitambo, halafu ukaifunika.

Safari hii mtaje. Kwa daktari ni habari kama ile ya sukari. Wala msiogope polisi: kile kifungu cha 226 cha sheria ya makosa ya jinai kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba.

Leo hii muulize Barasa waziwazi kama anafikiria kufa. Swali lenyewe halimtii wazo ambalo hakuwa nalo; mara nyingi mtu hupata mahali pa kuutua mzigo. Usimhubirie, msikilize. Dawa za shamba zipeleke kwa jirani, na asilale peke yake. Akikubali kwamba anafikiria, msingoje kukuche, mpelekeni hospitali usiku huohuo, nitawakuta huko.

Napanda basi la saa tatu usiku. Fomu ya daktari tutaijaza pamoja, na baba mdogo tutamwandika.

Wako,
Khadija