Shukrani kwa dada wa meza ya jirani, Oxford

Dada yangu, jina lako sikuuliza nawe hukulitaja, ndiyo maana nashukuru hadharani, huenda salamu zikakufikia.

Nilifika maktaba ya Bodleian kutafuta Wubei Zhi, kitabu cha Kichina kilichokamilika 1621, chenye ramani ya safari za baharini inayozitaja Malindi na Mombasa. Kichina changu ni cha kuombea maji. Uliniona nahangaika, ukasogeza kiti, ukanieleza kuwa orodha za zamani za Ulaya hufuata tahajia ya Wade na Giles, yaani mtindo wa zamani wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, hivyo humo nitafute "Wu pei chih". Kumbe! Ukanifundisha pia kusoma namba za juzuu, na kufunua zile kurasa nyepesi zilizokunjwa bila kuzichana.

Na hadithi zako je! Kwamba vitabu vya kwanza vya Kichina viliingia hapo 1604, miaka miwili tu baada ya maktaba kufunguliwa, wala hapakuwa na mtu wa kuvisoma. Vikakaa hivyo hadi 1687, Shen Fuzong wa Nanjing alipokuja kumsaidia mkutubi Thomas Hyde kujua kila kimoja kinahusu nini. (Mimi nilidhani mikusanyo ya namna hii ni mambo ya karne ya juzi.)

Muda wote huo kazi yako mwenyewe ilikusubiri mezani. Ahsante sana, dada. Ile sura ya tasnifu yangu inayohusu pwani imeandikika, na msimamizi wangu ameipitisha.