Hati za makubaliano zihesabu vitanda na walimu kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu habari ambayo kwa miaka ya karibuni tumeizoea: chuo kikuu kimetia saini hati ya makubaliano na hospitali fulani, au na chuo cha nje ya nchi, na sasa kitaanzisha shule ya tiba, kingine kimefungua kitivo cha sheria. Picha huwa ni ile ile, viongozi wawili wakibadilishana majalada huku wakitazama kamera. Sipingi upanuzi huo. Nimekuwa muuguzi kwa miaka zaidi ya thelathini na najua wodi isiyo na daktari inavyokuwa saa nane za usiku. Swali langu ni kwamba majalada hayo yanasema nini kuhusu vitanda, walimu na nani atakayelipa, kwa kuwa sisi wasomaji huambiwa idadi ya wanafunzi watakaodahiliwa na hatuambiwi hayo mengine.

Nitatoa mfano wa nilichokiona kwa macho yangu, katika hospitali moja ya rufaa ambayo sitaitaja. Katika wodi ya magonjwa ya ndani alilazwa mama mmoja mwenye maradhi ya moyo, na moyo wake ulikuwa na mlio ambao daktari bingwa alitaka kila mwanafunzi ausikie kwa sikio lake. Raundi ya asubuhi hiyo ilikuwa na wanafunzi ishirini na wawili kuzunguka kitanda kimoja, wengine wamesimama hadi mlangoni. Walipita mmoja mmoja, kila mmoja akiinamisha kichwa na kubandika kipimo kifuani. Alipofika wa kumi na moja, yule mama alivuta kanga yake hadi shingoni, akanigeukia na kuniuliza kwa upole: "Sista, wamebaki wangapi?" Daktari alisitisha zoezi, na alifanya vyema. Lakini wale kumi na mmoja waliobaki walijaza daftari zao za mafunzo kwa kunakili kwa wenzao, na daftari hizo zilisainiwa. Leo nao ni madaktari mahali fulani hapa nchini, na sina hakika kama waliwahi kuusikia mlio ule mahali pengine.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya shule ya tiba na kitivo kingine chochote. Ukumbi wa mihadhara unaweza kuongezwa viti, na mhadhiri akapewa kipaza sauti, mgonjwa haongezwi. Shahada ya udaktari huchukua miaka mitano, ukiongeza mwaka mmoja wa utarajali, yaani kazi ya mafunzo hospitalini baada ya kuhitimu, na sehemu kubwa ya miaka ya mwisho hufanyika kando ya kitanda. Kwa hiyo chuo kisicho na hospitali yake lazima kishirikiane na hospitali ya mtu mwingine, na ushirikiano wa namna hiyo ni mgumu kuliko saini inavyoonyesha.

Historia yetu wenyewe inalithibitisha hilo. Shule ya tiba ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1963, mwaka 1968 ikawa kitivo cha chuo ambacho baadaye kilikuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikapandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Muda wote huo chuo na hospitali vimekaa katika eneo moja, lakini leo chuo kiko chini ya wizara ya elimu na hospitali iko chini ya wizara ya afya. Hospitali ya Mloganzila ilijengwa kwa mkopo kutoka Korea Kusini ili iwe ya chuo hicho. Ikazinduliwa mwaka 2017, na mwaka uliofuata uendeshaji wake ukahamishiwa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili. Ikiwa majirani wa nusu karne wanahitaji kupanga upya nani anaendesha nini, je, chuo kichanga na hospitali ya mkoa ambazo zimefahamiana juzi zitaelewana vipi kuhusu mhadhiri ambaye chuo kinamtaka darasani saa tatu, na hospitali inamtaka chumba cha upasuaji saa hiyo hiyo?

Ipo mifano iliyofanikiwa, na ni haki kuitaja. Bugando, Mwanza, hospitali ilifunguliwa mwaka 1971 na chuo cha tiba kikaja mwaka 2003. Ile ya KCMC, Moshi, ilifunguliwa mwaka huo huo wa 1971, na chuo chake kikaanza mwaka 1997. Tazama mpangilio: hospitali ilitangulia kwa miongo, ikapata mabingwa, wagonjwa na sifa, ndipo chuo kikazaliwa ndani yake. Ushirikiano na vyuo vya Marekani, Weill Cornell kwa Bugando na Duke kwa KCMC, umejengwa juu ya nyumba iliyokwisha kuwa na msingi, na haukuletwa uwe ndio msingi wenyewe.

Sasa tuna mradi wa mageuzi ya elimu ya juu unaojulikana kama HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 425, na kampasi mpya zinajengwa mikoani, ikiwamo ya chuo cha Muhimbili huko Kigoma. Nimefurahi, hasa kwa watu wa Kigoma ambao daktari bingwa kwao amekuwa safari. Fedha hizo zitajenga madarasa, maabara na mabweni. Mabingwa watakaokubali kuhamia huko na familia zao hawatengenezwi na mkandarasi, na ningependa kuona mpango wa kuwapata ukitangazwa kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza majengo.

Upande wa sheria tatizo limegeuka juu chini. Kitivo cha sheria hakihitaji maiti wala mashine ya mionzi. Kinahitaji walimu, vitabu na chumba. Ndiyo maana chuo chetu kikuu cha kwanza kiliweza kuanza na sheria peke yake mwezi Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wakati ule uchache ulikuwa faida, maana mwalimu aliwajua wote kwa majina. Urahisi ule ule leo ni kishawishi: chuo kinachotafuta ada hufungua sheria kwanza kwa sababu ni rahisi kuijaza.

Matokeo yake tuliyaona mwezi Oktoba 2022. Katika Shule ya Sheria kwa Vitendo, ambayo kila mhitimu anayetaka kuwa wakili lazima aipitie, wanafunzi 633 walifanya mitihani; 26 walifaulu, 342 wakatakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 wakaondolewa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe. Mjadala ulikuwa mkali, kila upande ukiutupia mwingine lawama, kisha ukapoa. Vitivo viliendelea kudahili.

Binti wa marehemu dada yangu alisoma sheria katika chuo ambacho pia sitakitaja. Alimaliza bila kuandika hati ya madai hata moja kwa mkono wake. Alijua kesi za Uingereza za karne iliyopita, lakini siku ya kwanza alipoagizwa kuandaa hati ya kiapo alinipigia simu akilia, kana kwamba mimi muuguzi ningemsaidia. Jambo jingine lilimtatiza zaidi. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, naye alikuwa amefundishwa kila kitu kwa Kiingereza, hivyo alilazimika kujifunza upya kusema jambo alilokwisha kulijua. Hati ya makubaliano na chuo cha ng'ambo haiwezi kumsaidia katika hilo. Makubaliano na mahakama ya wilaya iliyo kilomita mbili kutoka chuoni, au na watoa msaada wa kisheria ambao kila wiki wana foleni ya wajane wenye migogoro ya mirathi, yangemsaidia sana, na hayahitaji hata tiketi ya ndege.

Ombi langu kwa Tume ya Vyuo Vikuu ni dogo. Kila mwaka Tume hutoa mwongozo wa udahili unaoonyesha kozi, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Kwenye kozi ya udaktari iongezwe safu inayotaja hospitali ya kufundishia, idadi ya vitanda vyake, na jumla ya wanafunzi kutoka vyuo vyote wanaovitumia vitanda hivyo, maana ziko hospitali zinazopokea wanafunzi wa vyuo viwili au vitatu na kila chuo huzihesabu kama zake peke yake. Kwenye kozi ya sheria iongezwe safu inayoonyesha wahitimu wangapi wa chuo hicho waliofaulu Shule ya Sheria kwa mara ya kwanza. Takwimu hizi si siri; ziko katika majalada ya hospitali na ya Shule yenyewe.

Mjukuu wangu amemaliza kidato cha sita na anataka udaktari. Jana jioni alinisomea mwongozo huo kwenye simu, chuo kwa chuo, akaniuliza, "Bibi, hapa wanachukua wengi, niombe hapa?" Nilimwambia asubiri kwanza nimpigie mwenzangu wa zamani anayefanya kazi katika hospitali ya mji huo, nimuulize raundi za asubuhi huwa na wanafunzi wangapi kwa kitanda.

Wako,
Muuguzi mstaafu,
Morogoro