Kaka, kabla Idrisa hajapanda ndege

Grand Rapids, Michigan
Juni 2025

Kaka Salumu, shikamoo.

Assalaam aleikum warahmatullah. Wifi hajambo? Na mama, presha yake imetulia? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Wapwa zako wamefunga shule na nyumba haikaliki.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza na video uliyonitumia, ya vijana weusi wa Chicago na bastola, nimeitazama. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, kwa sababu mambo haya nataka wifi ayasome kwa utulivu, na mwanao Idrisa mwenyewe pia. Kwanza hongera. Mtoto wa Tanga kuchaguliwa programu ya YES ya kubadilishana wanafunzi, aje asome Marekani mwaka mzima, si jambo dogo, na nilipowaambia wanangu kwamba kaka yao anakuja huku huku Michigan walipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta.

Umeniuliza kama ni kweli watoto wa huku wanatembea na bastola. Halafu ukamalizia kwa kusema unamshukuru Mungu Idrisa kapangiwa familia ya kijijini, mbali na Chicago na hizo video. Swali lako jibu lake ni ndiyo, baadhi yao wanatembea nazo. Lakini hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nikae chini nikuandikie.

Kuna utafiti wa taifa unaofanywa kila mwaka majumbani. Pamoja na maswali ya sigara na pombe, vijana wa miaka 12 hadi 17 huulizwa kama katika miezi 12 iliyopita waliwahi kutembea na bastola. Bastola, kaka, si bunduki ya kuwindia. Mwaka 2022 watafiti wa Boston College walizichambua hesabu hizo na kuzichapisha kwenye Pediatrics, jarida la madaktari wa watoto. Kati ya 2002 na 2006, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 3.3. Kati ya 2015 na 2019 wamefika asilimia 4.6. Maana yake watoto wengi mno hawabebi chochote, na hilo lishike. Ila nchi hii ni kubwa, na asilimia hiyo ni kama watoto milioni 1.2 kwa mwaka.

Sasa sikia ongezeko lilitoka wapi. Lilitoka kwa watoto wa Kizungu, watoto wa familia zenye kipato kizuri, na watoto wa vijijini. Kwa watoto weusi, kwa wenyeji wa asili wa nchi hii na kwa watoto wa familia maskini, idadi ilishuka katika miaka hiyo hiyo. Hao vijana weusi wa kwenye video yako, wanaosambazwa kwenye simu za watu mpaka huko kwenu Chumbageni, sio waliopandisha hesabu hii.

Sisemi mijini ni salama. Vijana weusi ndio wanaozikwa kwa risasi kuliko wenzao wote, na kwa mbali sana. Tangu 2020 risasi ndiyo inayoua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 wa Marekani kuliko ajali za gari, kuliko saratani, kuliko kitu kingine chochote. Ninachokukataza ni kulala usingizi kwa kuwa mtoto yuko kijijini.

Kwa nini kijijini? Nitakwambia ninavyoona mimi. Bunduki zilizo mikononi mwa raia wa nchi hii ni nyingi kuliko raia wenyewe, karibu milioni 400. Zamani mtu wa shamba alinunua bunduki ndefu ya kuwindia paa, akaitundika ukutani, akaishusha Novemba. Siku hizi wengi wakiulizwa kwa nini wanamiliki silaha husema ni kwa kujilinda, na silaha ya kujilinda ni bastola, kitu kidogo kinachokaa kwenye droo ya kitanda, kwenye mkoba wa mama au chini ya siti ya pikapu. Mtoto anayemwona baba yake haendi hata kununua maziwa bila bastola kiunoni anafundishwa bila kuambiwa kwamba nje kuna adui. Akifika miaka 15, akagombana na mwenzake shuleni au akasikia tu habari za kutisha, anajua dawa iko wapi na iko hatua chache kutoka kitandani kwake.

Maana dukani hawezi kuipata. Muuza silaha mwenye leseni haruhusiwi kumuuzia bastola mtu aliye chini ya miaka 21, na tangu 1994 sheria ya nchi nzima inamkataza aliye chini ya miaka 18 kuwa nayo, ukiacha mambo machache kama kujifunza kulenga shabaha kwa ruhusa ya mzazi. Kwa hiyo kila bastola unayoisikia mkononi mwa mtoto imepitia kwa mtu mzima. Nyingine zimeibwa kwenye magari, nyingine zimeuzwa mitaani, lakini nyingi mno zimetoka nyumbani. Watafiti walikadiria mwaka 2021 kwamba watoto wapatao milioni 4.6 wanaishi kwenye nyumba ambayo ndani yake kuna angalau silaha moja iliyojazwa risasi na haikufungiwa. Hapo ndipo ninapoulaumu upande wa wazazi, na silaumu kidogo.

Huku Michigan tuna mfano ambao hakuna mzazi asiyeujua. Tarehe 30 Novemba 2021, mvulana wa miaka 15, rika la Idrisa, aliingia na bastola kwenye shule ya sekondari ya Oxford, mwendo wa zaidi ya saa mbili kutoka hapa kwangu. Aliua wanafunzi wanne. Bastola hiyo baba yake aliinunua siku nne tu kabla. Asubuhi ile ile shule iliwaita wazazi kwa sababu ya michoro ya kutisha aliyochora kwenye karatasi ya hesabu. Walikuja, wakaondoka, wakamwacha darasani. Begi halikupekuliwa. Kijana kafungwa maisha, na mwaka 2024 baba na mama nao kila mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15. Wazazi kutiwa hatiani ya kuua bila kukusudia kwa mauaji ya aina hiyo yaliyofanywa na mtoto wao shuleni, ilikuwa mara ya kwanza katika nchi hii. Tangu 13 Februari 2024, sheria ya Michigan inamlazimu mwenye silaha kuifungia kama anajua kuna mtoto nyumbani au huenda akaja. Kumbuka hilo, kwa sababu wenyeji wa Idrisa sheria hiyo inawahusu tangu siku atakayoshusha sanduku lake.

Sasa nikueleze tunavyofanya. Madaktari wa watoto wa huku hutuhimiza tuulize kabla mtoto hajaenda kwa watu: je, kuna silaha nyumbani, na imefungiwaje? Mwanangu Nasri alipoalikwa kulala kwa mwanafunzi mwenzake, wenye shamba nje kidogo ya mji, nilizunguka na simu jikoni mpaka chai ikapoa. Kwetu kumuuliza mtu kilichomo chumbani mwake ni utovu wa adabu. Nilipouliza, yule mama akajibu bila kusita: ndiyo, tunazo, na asante kwa kuuliza. Nilipompeleka Nasri akanifungulia kabati, nikaona kasha la chuma la kijivu linalonifika begani, limefungwa kwa namba, risasi ziko kwingine juu kabisa. Nikashukuru. Nilipokuwa nageuka nikauliza, na kwenye gari je? Mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanyamaza. Akatoka nje. Akarudi na bastola kwenye ala yake nyeusi, akachomoa magazini, akaikoki akachungulia chemba kama ina risasi, akaiweka kasheni akafunga. Hakunikasirikia hata kidogo. Alisema ilikuwa chini ya siti muda wote na hakuwahi kuihesabu kuwa silaha ya nyumbani.

Ni watu wema wale, Nasri anaenda kwao mpaka leo. Wema wao hauondoi kwamba wavulana wawili wa miaka 13 walikuwa wanacheza ndani ya lile pikapu kila wiki.

Kwa hiyo, kaka, Idrisa akishapewa jina la familia, usione haya. Waulize kupitia waratibu wa programu au waandikie mwenyewe: mna silaha? Imefungiwa wapi? Na zilizo kwenye magari? Na kwa babu na bibi ambako mtampeleka sikukuu? Kama hawana kufuli, zipo za waya wa chuma zinazopitishwa ndani ya silaha isiweze kujazwa risasi, na vituo vingi vya polisi huzigawa bure.

Idrisa naye ajue kwamba hata kwa kutaniwa asishike. Sheria ya nchi inamkataza mgeni mwenye viza ya muda kama yake kuwa na silaha au hata risasi, isipokuwa awe na kibali cha kuwinda. Wenzake wakimwambia twende tukapige makopo nyuma ya ghala, aseme hapana. Na mwenzake akimwambia "nitunzie hii", aondoke hapo hapo. Mama mmoja wa Kikongo tunayefahamiana alikuta bastola kwenye begi la mwanawe, na mtoto akasema si yake, anamtunzia rafiki. Yule mama alikesha, anaogopa kukaa nayo na anaogopa kuita polisi, maana ni huku huku mjini ambapo Aprili 2022 askari alimpiga risasi Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo ambaye baba yake alilia kwa Kiswahili mbele ya waandishi wa habari. Mwishowe mchungaji wao ndiye aliyepiga simu, ikachukuliwa.

Na za bandia pia. Bastola ya plastiki mikononi mwa mtoto mweusi si mchezo huku. Tamir Rice alikuwa na miaka 12, anacheza na ya bandia kwenye bustani ya Cleveland, Novemba 2014. Gari la polisi lilipofika hazikupita sekunde mbili akapigwa risasi, akafariki. Mweleze Idrisa habari hiyo wewe mwenyewe, kwa sauti yako. Asiikute kwa wenzake.

Msimu wa kuwinda paa kwa bunduki unaanza tarehe 15 Novemba, na baadhi ya shule za vijijini hufungwa siku hiyo. Asiingie msituni bila fulana ya rangi ya chungwa, ili wawindaji wamwone.

Hili la mwisho linanihangaisha kuliko yote. Zaidi ya nusu ya vifo vya risasi nchini hapa ni vya watu waliojiua wenyewe. Januari huku giza huanza kuingia kabla ya saa kumi na mbili jioni, theluji mpaka magotini, na mtoto aliyezoea kelele za nyumbani anaweza kujiona yuko peke yake duniani. Siku mbaya ya kijana hupita, ila silaha ikiwa karibu haimpi nafasi ya kuiona kesho. Idrisa wetu ni mcheshi, najua, hata hivyo Desemba mpaka Machi mpigieni kila siku, na akijibu kwa neno moja moja nipigieni mimi, usiku wowote. Nitaendesha gari nimfuate.

Siwaambii msimlete. Aje, asome, aone nchi ya watu. Ukipata tu jina na namba za wenyeji wake nitumie siku hiyo hiyo, nitawapigia na nitakwenda kuwaona kabla shule haijafunguliwa. Na wifi amwekee mtoto koti zito kwenye sanduku, mengine nitamnunulia huku.

Mnisalimie mama, mwambie nitapiga Ijumaa baada ya sala.

Dada yako,
Mwanaidi