Barua kwa duka la ala za muziki: naomba shingo ya gitaa langu

Moshi,
12 Februari 2025.

Meneja,
Duka na Karakana ya Ala za Muziki,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO YA KUBADILISHIWA SHINGO YA GITAA BILA RIDHAA YANGU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpiga solo wa kwaya moja hapa Moshi, na mwisho wa wiki hupiga kwenye sherehe. Jumamosi ya tarehe 11 Januari nilipanda Coaster kuja Arusha nikaacha gitaa langu la umeme karakanani kwenu. Stakabadhi ninayo. Kazi aliyoiandika fundi wenu kwa mkono wake ni "kusawazisha freti na kunyoosha shingo". Shingo ilikuwa imepinda kidogo kwa mbele, nyuzi zimeinuka, na freti za mwanzo, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo chini ya nyuzi, zimelika. Ni matatizo ya kawaida kwa gitaa linalopigwa kila wiki, na ndani ya shingo upo ufito wa chuma uliowekwa kwa kazi hiyo hiyo ya kuinyoosha. Nilipolifuata tarehe 25, nilikuta gitaa lina shingo nyingine.

Sikuulizwa wala sikupigiwa simu. Nilidaiwa Sh 280,000 kwa kitu mlichokiita shingo mpya, nikalipa kwa sababu jioni ile nilikuwa na harusi na sikuwa na gitaa la pili. Nilipouliza ya zamani iko wapi, fundi alisema imeshaondolewa na haifai. Nilipomwambia kuwa sauti imebadilika, alinijibu: "Kaka, shingo ni mshikio tu. Sauti iko kwenye pikapu. Mbao ni mbao."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua ndefu badala ya kudai fedha kwa simu. Lina ukweli nusu, na nusu iliyobaki imenipotezea gitaa.

Nakubali kwamba pikapu haisikii mbao. Ni sumaku iliyozungushiwa waya, na inachokinasa ni mtikisiko wa uzi wa chuma unaopita juu yake. Nakubali pia kwamba ukibadilisha pikapu, ampu (kikuza sauti) au spika, sauti itageuka kuliko ukibadilisha mbao, na kwamba wapigaji wengi husifia mbao kupita kiasi. Lakini uzi hauelei hewani, Ndugu Meneja. Umeshikwa ncha mbili. Ncha moja iko kwenye daraja juu ya bodi, na nyingine iko kwenye shingo, ama juu kule karibu na kichwa, ama kwenye freti niliyoibonyeza. Shingo ikiwa ngumu na imetulia, nguvu ya uzi hubaki kwenye uzi. Ikiwa laini, kuna noti ambazo mtikisiko wake utalingana na ule wa shingo yenyewe, na hapo shingo hunyonya nguvu ya uzi na noti hufa mapema. Pikapu haiwezi kunasa mtikisiko ambao umeshaisha.

Kwenye gitaa langu sasa noti hiyo iko uzi wa tatu, freti ya 12. Inatoka vizuri, kisha inazimika kama kibatari kilichopulizwa. Freti ya 9 iko sawa, ya 15 iko sawa, na kwenye uzi wa pili noti hiyo hiyo, freti ya 8, inaimba bila shida. Mtu anaweza kusema noti moja si kitu. Kwangu ni noti ninayoishikilia mwisho wa kiitikio wakati waimbaji wa sauti ya kwanza wanavuta pumzi. Ninazo rekodi za simu za ibada ya Krismasi, kwa shingo ya zamani, na humo inakaa sekunde 6 hadi kwaya inapoingia. Jumapili ya tarehe 2 Februari ilikaa 2. Mwalimu wa kwaya aligeuka kunitazama akidhani nimeachia kidole.

Sikutaka kuwalaumu kwa hisia, kwa hiyo nilijaribu jambo moja jikoni kwangu. Niliweka nyuzi mpya za saizi ileile ninayotumia siku zote, 10 hadi 46, ampu ileile, vitufe vyote mahali pake. Nikaipiga noti ile mara kumi nikihesabu kwa saa ya simu: sekunde 2, wakati mwingine 2 na kidogo. Halafu nikakiegemeza kichwa cha gitaa kwenye ubavu wa kabati la vyombo, nikakikandamiza kisitikisike, nikaipiga tena. Ikakaa 5. Pikapu haikubadilika, wala nyuzi, wala mkono. Kilichobadilika ni kwamba shingo ilizuiwa kucheza. Nilipokiachia kichwa, niliusikia mtetemo kwenye kiganja cha kushoto, uzi ukinyamaza na mbao ikiendelea kutetema peke yake.

Kisha nikalegeza nyuzi, nikafungua skrubu nne za nyuma. Naomba mlisome hili kwa makini. Kwenye kisigino cha shingo mliyoniuzia, pale inapofungwa kwenye bodi, kuna matundu manne ya zamani yaliyojazwa njiti za kiberiti na gundi, na kando yake manne mapya. Njiti moja bado ina weusi wa kichwa kilichoungua. Hiyo si shingo mpya. Skrubu moja kati ya nne inazunguka bila kushika, maana imeingia nusu kwenye mbao na nusu kwenye njiti. Shingo haikujaa kwenye nafasi yake, na kadi ya benki inapita ubavuni bila kulazimishwa. Shingo imelala upande kiasi kwamba uzi wa kwanza unateleza nje ya ubao ninapouvuta. Na kile kipande kinachobeba nyuzi kule juu, ambacho kwenye shingo yangu kilikuwa cha mfupa, sasa ni plastiki yenye mifereji iliyochimbwa kupita kiasi, nyuzi zikipigwa wazi zinakoroma juu ya freti ya kwanza.

Kwa haki, niseme pia kilicho sawa. Urefu ni sahihi. Nilipima milimita 324 kutoka kwenye kile kipande cha juu hadi freti ya 12, yaani milimita 648 kwa uzi mzima, kama ilivyo kwenye magitaa ya umbo la Stratocaster. Hakuna freti iliyopotoka tyuni. Tena kubadilisha shingo si kosa. Leo Fender, Mmarekani aliyeanzisha kampuni inayotengeneza Stratocaster, alipoanza kuuza magitaa ya umeme ya kawaida huko California mwaka 1950, aliifunga shingo kwa skrubu badala ya gundi, ili iweze kutolewa na kuwekwa nyingine. Kwenye Stratocaster yenyewe, iliyotoka mwaka 1954, ubao wa vidole, yaani uso wa shingo unaobeba freti, ulikuwa wa mepo (maple), mbao nyeupe, hadi mwaka 1959 walipoanza kuweka wa rozwudi (rosewood), mbao nyeusi zaidi. Anayebadilisha shingo anachagua jambo, na mwenye gitaa ndiye anayepaswa kuchagua.

Na hili la mbao ni mbao, aliambiwa mtu wa Moshi. Hapa ndipo hayati Sebastian Chuwa alipotumia miaka mingi ya maisha yake kupanda miche ya mpingo, mti ambao watengenezaji wa klarineti wa Ulaya wanautafuta kwa sababu ya uzito na ugumu wake. Rozwudi na mpingo ni za jamii moja. Ubao wa vidole wa shingo yangu ulikuwa wa rozwudi, mzito, mweusi kwa mafuta ya vidole. Hii mliyonipa ni nyembamba na nyepesi. Ukiibeba moja kila mkono utajua kabla hujapiga noti yoyote.

Shingo ile aliipiga baba yangu mdogo kwenye bendi za dansi kabla hajanikabidhi. Nyuma yake, usawa wa freti ya 5, rangi ilikuwa imetoka mahali kidole gumba chake kilipokaa, na cha kwangu kilikuwa kinakaa hapo hapo bila kutafuta. Haikuwa chakavu. Ilikuwa imepinda kidogo, na niliileta inyooshwe.

Ninachoomba kwanza ni shingo yangu. Kama iko stoo, naomba itafutwe. Kama mmeifunga kwenye gitaa la mteja mwingine, naomba mteja huyo aelezwe ukweli na irejeshwe, nami niko tayari kumwachia hii niliyo nayo. Pili, naomba nirudishiwe Sh 280,000, kwa kuwa niliuziwa kitu kilichotumika kwa jina la kipya. Kazi ya kusawazisha freti niliyoiomba awali nitailipia kama ilivyoandikwa, ikishafanyika.

Picha za matundu, nakala ya stakabadhi na rekodi mbili za noti ile, ya Krismasi na ya tarehe 2 Februari, nimeziambatanisha. Nisipopata jibu hadi tarehe 26 Februari nitayapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, ambayo kazi yake ni pamoja na kumlinda mteja anayeuziwa kilichotumika kwa jina la kipya.

Kabla ya hapo nitakuja mwenyewe, Jumamosi tarehe 22 Februari, saa nne asubuhi. Nitakuja na gitaa pamoja na ampu yangu ndogo. Namwomba fundi wenu awepo, apige mwenyewe uzi wa tatu, freti ya 12, nami nitashika saa.

Wenu,
Mteja wenu, mpiga solo,
Moshi.