Dada wa SUA uliyekuja Ukerewe, asante sana

Jamani kuna dada wa SUA, kile chuo kikuu cha kilimo cha Morogoro, alikuja fildi huku kwetu Ukerewe, jina sikulishika ila kama unasoma hapa, asante sana aisee. Muhogo ulikuwa unatuchanganya, juu majani yanaonekana mazima tu ukichimba unakuta ndani umeoza, madoa ya kahawia, wazee washaanza kusema shamba limechezewa, we ukachukua panga ukaupasua mbele ya watu ukasema hii ni michirizi kahawia, ni virusi, vinasambazwa na inzi weupe na hizi mbegu tunazopeana majirani, na hakuna dawa ya kupulizia ikapona kwa hiyo tusidanganywe madukani. Ng'oa unaoumwa, choma, tafuta mbegu safi. Halafu hukuishia kuongea, ulikaa juani na mama unamwonyesha shina moja moja, ukapiga simu Ukiriguru, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kumuulizia mbegu. Wengine wakija ni picha, posho, wanawahi feri ya Nansio (tunawajua), we ulikula ugali wa muhogo na dagaa ukaomba kuongezwa. Mbegu mpya zimeshika, mama anakusalimia sana, kasema ukija tena sato wako yupo.