Poka nayo ni kazi?

Mhariri za kazi, naomba nafasi kidogo. Mi ni fundi viatu hapa Pasua, Moshi, na nina mpwa wangu yupo Arusha kapanga Njiro, kazi yake ni poka, ile ya karata kwenye intaneti, yani hana ingine. Mchana analala, saa tisa usiku anaamka maana anasema ndo Wamarekani wametoka kazini wamekaa mezani. Kodi analipa mwenyewe na ada ya mdogo wake kalipa, kwa hiyo msinielewe vibaya, dogo sio mhuni.

Juzi kaja kumsalimia bibi yake tukaanza kubishana. Nikamwambia mjomba hiyo si kamari tu kama wale wa karata tatu stendi, akakataa kabisa, eti poka ni hesabu na kumsoma mtu. Akanitolea mfano wa Chris Moneymaker, mhasibu wa Marekani, mwaka 2003 alilipa kiingilio cha dola 86 kwenye shindano la mtandaoni, akapata nafasi ya mashindano makubwa ya poka kule Las Vegas akaishia kubeba dola milioni 2.5. Wachezaji walikuwa 839 lakini hao wengine hakuwataja. Sawa, ujuzi upo, nakubali. Afu akaja na lingine, mbona dalali wa tanzanite pale mjini hachimbi hata shimo moja na mnamuita bosi?

Hapo nilikaa kimya kidogo jamani. Ila dalali anamkutanisha mwenye jiwe na mwenye hela, kila mtu anaondoka na alichokifuata. Mzee Laizer, yule mchimbaji wa Mererani, alivyouza yale mawe yake ya tanzanite 2020 kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 kuna nani alilala njaa kwa sababu yake? Poka hela za mezani ni zilezile mlizokuja nazo, tena mwenye mtandao anamega kidogo kidogo, kwa hiyo mkijumlishwa wote mnainuka na pungufu.

Na kilichonishangaza zaidi, meza ikiwa na wataalam watupu dogo anahama! Anatafuta yenye samaki, ndo wanavyowaita wasiojua mchezo. Sasa mi mteja akiwa anavijua viatu namfurahia, hata bei hatubishani sana, anaona mwenyewe soli imeshonwa au imebandikwa gundi tu, ye mtu anayejua anamkimbia, hiyo ni biashara gani?

Nikamuuliza, na huyo samaki ada ya wanae analipa nani? Akacheka, "Mjomba, kajitakia mwenyewe, na akiisha anakuja mwingine."

Bibi yake tulidhani kasinzia. Akafungua macho akamuuliza, "Na ile boda aliyokununulia mama yako, mwaka ule unajifunza hizo karata, iko wapi?"

Dogo akasema anawahi gari ya Arusha.

Msomaji wenu, Pasua, Moshi