Lee Van Cleef naye aandikwe

Mhariri, mkiandika filamu za makauboi kila siku ni Clint Eastwood tu, na Lee Van Cleef je? Sisi wa Mombasa tuliomuona kwa sinema twayajua yale macho, akitazama tu watu kimya. 1952 alitokea kwa High Noon bila kusema hata neno moja, halafu 1958 akapata ajali ya gari goti likaumia vibaya, kazi za filamu zikawa shida akawa yuwachora picha, mpaka Sergio Leone, yule mwongozaji filamu Muitaliano, akamfuata akaenda Ulaya kucheza For a Few Dollars More ya 1965, ndo akawa staa hasa akiwa na miaka 40! Amefariki 1989. Kweli alicheza adui sana lakini kwangu mimi amshinda stelingi, tafadhalini muandikeni naye.

Msomaji wenu, Mombasa